Kizimba, kona ya mchanga, saa au kamba: njia ipi imfae mtoto wa mbwa wa nyumba yako

Korosho zikianza kudondoka, mwezi wa 10, simu yangu huanza kulia kwa jambo moja. Mtu kachukua mtoto wa mbwa, anataka awe mlinzi wa nyumba na wa magunia, na siku ya tatu ameshachoka: sebule inanuka mkojo, usiku kijibwa kinalia, jirani kagonga ukuta. "Dada, nimfungie kizimbani au nimfunge kamba uani?" Swali huja hivyo, kama vile njia ni hizo mbili tu.

Nimelea mbwa 4 hapa Mtwara, katika nyumba za aina 3: chumba cha kupanga Chikongola, nyumba ya mama yangu Mikindani, na sasa kiwanja chetu upande wa Naliendele. Kila nyumba ilidai njia yake. Hapa naziweka pamoja njia 4 za kumfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia mahali pake, nikisema wazi ninayoipenda na ile ambayo simshauri mtu hata akiniomba.

Kibofu kwanza

Mtoto wa mbwa huachana na mama yake akiwa na wiki 8, si chini ya hapo. Umri huo kibofu ni kidogo na misuli ya kukibana haijakomaa. Kipimo cha wafugaji wengi ni kuhesabu miezi yake ukaongeza 1: wa miezi 2 atashika mkojo saa 3 hivi, wa miezi 3 saa 4, na hiyo ni akiwa ametulia. Akiwa kwenye mchezo, nusu saa nyingi. Usiku hushika zaidi kwa sababu mwili umelala. Hakuna kizimba wala kiboko kitakachomfundisha kushika kile ambacho mwili wake hauwezi kushika.

Kuna nyakati ambazo karibu kila mara atajisaidia: akiamka tu, akimaliza kula (haja kubwa hufuata ndani ya dakika 5 hadi 30), na akitoka kucheza kwa nguvu. Dalili zake hazijifichi. Anaacha ghafla alichokuwa akikifanya, pua inashuka chini, anazunguka palepale, kisha anachuchumaa. Pua ikishuka tu, mbebe. Ukingoja azunguke umeshachelewa.

Kuna mengine mawili ya maumbile. La kwanza, mbwa hapendi kuchafua anapolala. Watoto wakifika wiki 3 hivi hujikokota kutoka kwenye tandiko la mama yao wakajisaidie pembeni, hata miguu haijakaza. La pili, kati ya wiki ya 7 na ya 9 nyayo zao huanza kuzoea aina ya ardhi wanayojisaidia juu yake. Aliyezoea majani atatafuta majani, aliyezoea saruji atatafuta saruji. Kizimba kinafanya kazi kwa lile la kwanza, kona ya mchanga kwa lile la pili. Kumtoa kwa saa kunategemea kuwe na mtu nyumbani. Kamba haitumii lolote kati ya hayo, na nitaeleza mbele kwa nini naikataa.

Kizimba

Neno lenyewe linatisha. Kizimba kwa wengi ni cha mahakamani, na wengine wakisikia wanaona tundu la kuku. Ninachozungumzia ni chumba kidogo cha kulala chenye mlango, ambacho mbwa anakijua kuwa ni chake.

Vya kununua vya kukunja havipatikani kirahisi huku, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Akaniuliza, "Dada, hili la kuku au la njiwa?" Nilipomwambia ni la mbwa akanyamaza kidogo, kisha akapima kwa makini kuliko nilivyotarajia. Urefu futi 3, upana futi 2, kimo futi 2 na nusu. Hapo mbwa wa kienyeji aliyekomaa anasimama, anageuka na kujinyoosha. Nondo nyembamba, nafasi kati yake isizidi vidole viwili, maana kichwa cha kijibwa kikipenya hakirudi. Chini pasiwe na nondo wala wavu, nyayo zitaumia, weka ubao. Seremala naye anaweza kukitengeneza kwa mbao za mwembe kwa bei nafuu zaidi, ila mbao hunywa mkojo, na harufu ikishaingia kwenye ubao haitoki.

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa huruma. Wanatengeneza kizimba kikubwa ili mtoto ajinafasi. Mtoto analala upande mmoja, anakojoa upande wa pili, na usafi wake wa asili unakuwa hauna kazi. Nafasi iwe ya kusimama, kugeuka na kulala tu. Kwa kuwa atakua, fundi akuwekee ubao wa kugawia katikati, uwe unausogeza nyuma kila baada ya wiki kadhaa.

Usimtupe ndani usiku wa kwanza na kufunga komeo. Huo ndio mwanzo wa kilio kinachowafanya watu waseme kizimba ni ukatili. Siku 4 au 5 za mwanzo mlango ukae wazi. Sahani yake ya chakula iwekwe mlangoni, kesho yake ndani kidogo, keshokutwa mwisho kabisa. Akiingia bila wasiwasi, funga wakati anakula na ufungue kabla hajamaliza kulamba sahani. Kisha dakika 2 baada ya kula, kisha 5, kisha 10 wewe ukiwa umekaa karibu unachambua mboga. Fungua akiwa kimya. Ukimfungulia katikati ya kelele, amejifunza kwamba kelele ndiyo ufunguo.

Chui, mbwa wangu wa sasa, nilimlaza kizimbani akiwa na wiki 9, kizimba kikiwa hatua mbili kutoka kitandani kwangu. Usiku ule nilitia mkono kwenye nondo, akaweka kidevu juu ya vidole vyangu, akatetemeka kidogo, akalala. Saa 8 usiku aliamka akaanza kuguna. Kuguna kule si kilio cha upweke. Ni kifupi, kinakatika, na mnyama anakwaruza tandiko kwa mguu mmoja. Nilimbeba (nikimwachia atembee, angekojoa mlangoni), nikamweka kwenye mchanga uani, nikasimama kimya gizani bila kumchezea. Akakojoa. Nikamwambia neno moja la kumsifu, nikamrudisha. Alfajiri azana ilipotoka tukarudia. Tandiko lilikuwa kavu. Alipofika miezi 4 alikuwa akilala tangu saa 4 usiku mpaka azana bila kuniamsha.

Sasa upande mgumu wa kizimba kwa hali ya hewa yetu. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipooza kwa kuhema, na hewa ya Mtwara kati ya mwezi wa 11 na wa 3 imejaa unyevu kiasi kwamba kuhema hakumsaidii sana. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41 uhai wake uko hatarini. Kizimba cha chuma kilichoachwa juani, au chini ya bati lisilo na dari saa 7 mchana, kinakuwa tanuri, tena mnyama aliyefungiwa hawezi kuhamia kivulini kama afanyavyo akiwa huru. Mchana kikae pale upepo unapopita: barazani upande usiopigwa na jua, au kwenye ukumbi kati ya mlango wa mbele na wa uani. Ukitaka kumpa giza la kulala, funika kwa kanga nyepesi pande 3, usitumie turubai. Maji yawepo. Na kama unategemea feni, fikiria umeme utakapokatika hupo.

Jambo jingine la kwetu: msiweke kizimba stoo. Kuanzia mwezi wa 5 nyumba nyingi huku zina mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Vumbi lake linawasha macho na kifua cha mtu mzima. Mtoto wa mbwa aliyefungiwa nalo chumba kimoja usiku kucha anaumia.

Muda nao una mpaka. Wa miezi 2 au 3 asikae kizimbani zaidi ya saa 2 mchana. Hata mkubwa, saa 4 au 5 zinatosha. Marekani kizimba cha nyumbani ni jambo la kawaida kabisa, lakini Uswidi na Ufini sheria zao haziruhusu kumweka mbwa kwenye kizimba kidogo nyumbani, isipokuwa kwa sababu maalumu kama safari. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Mimi nasimama katikati: usiku ndiyo, mchana kwa vipindi vifupi ndiyo, kumfungia tangu unakwenda kazini mpaka unarudi hapana. Mtoto akilazimishwa kujisaidia anapolala siku 3 au 4 mfululizo, ule usafi wake wa asili unavunjika, na kuurudisha ni kazi ya miezi.

Kona ya mchanga, na kwa nini niliacha magazeti

Chikongola nilikuwa na chumba kimoja na mlango unaofungukia ua wa wapangaji 6. Nilitandaza magazeti kona moja, nikafurahi: wiki ya pili kijibwa kilikuwa kinakwenda pale chenyewe. Mwezi uliofuata kikajisaidia juu ya madaftari ya mtoto wa jirani yaliyokuwa juu ya mkeka, siku moja kabla ya mtihani wake. Nilimwomba radhi Mama Salma na kumnunulia mtoto madaftari mapya, na kijibwa sikukipiga, maana kilifanya nilichokifundisha. Kilijifunza kwamba karatasi ni choo, na kwamba choo kiko ndani ya nyumba. Kisha ilinibidi nianze upya kukifundisha kwamba choo kiko nje. Kwa mtu anayeishi ghorofani bila ua, magazeti yana maana. Kwa nyumba zetu za chini zenye ua, ni kumfundisha mara mbili.

Mchanga ni habari nyingine, kwa sababu mchanga ndio ardhi atakayoitumia maisha yake yote huku. Unachagua kona ya ua, hatua 2 kwa 2 inatosha, mbali na kisima, mbali na jiko, mbali na pale watoto wanapocheza. Unaizungushia matofali au makuti ya chini. Unamwaga mchanga ndoo kadhaa. Siku ya kwanza chukua mchanga kidogo wenye mkojo wake uuweke pale. Pua yake itaelewa kuliko maneno yako. Kila akiamka, kila akila, unambeba hadi pale pale. Usibadilishe kona. Ndani ya wiki 2 utamwona anakwenda mwenyewe, anakwaruza kidogo, anachuchumaa.

Ubora mkubwa wa kona hii ni ugonjwa. Kichaa cha mbwa tunakijua. Mikoa yetu ya kusini mashariki ilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2010, na watu walizoea kupeleka mbwa kuchanjwa. Lakini parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mbwa, wengi hawaifahamu, nayo ndiyo inayomaliza watoto wa mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, pale mbwa mgonjwa alipoharisha. Mtoto hupata chanjo yake ya kwanza ya mchanganyiko akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, na ile ya kichaa huchomwa akiwa na miezi 3. Kabla hajamaliza, kumpeleka akajisaidie barabarani au ufukweni ambako mbwa koko wanapita ni kucheza na roho yake. Kona iliyo ndani ya ua wako, ambayo mbwa mgeni hajaikanyaga, inampa choo bila kumpa hatari hiyo.

Kasoro yake ni mbili. Ya kwanza, Mtwara yote ni mchanga. Mtoto aliyezoea mchanga hatofautishi kona yake na lundo la mchanga wa ujenzi la jirani, wala na uwanja wa mama aliyeamka alfajiri kuufagia mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Ndiyo maana kizuizi cha matofali kina kazi: kinampa mpaka wa kuvuka. Ya pili ni minyoo. Mayai na viluwiluwi vya minyoo ya mbwa hustawi kwenye mchanga wenye joto na unyevu, na minyoo ya safura ya mbwa huingia kupitia ngozi ya mtu anayetembea pekupeku; watoto hupata mistari myekundu inayowasha na kujipinda chini ya ngozi ya unyayo. Kinyesi kiokotwe kila siku kwa koleo na kufukiwa au kutupwa shimoni, mchanga wa juu ubadilishwe kila mwezi, na mtoto apewe dawa ya minyoo tangu wiki 2, kila wiki 2 mpaka wiki 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Kama huna mtu wa kuokota kila siku, usianzishe kona.

Masika kona hugeuka tope. Weka bati moja juu. Mbwa wa pwani wengi hawataki kulowa, na asiyetaka kulowa atajisaidia barazani.

Kumtoa kwa saa

Hii ndiyo njia ya kale zaidi na haina gharama: hakuna kizimba, mtoto yuko huru mahali unapomwona, na unamtoa kwa saa maalumu. Inahitaji mtu mmoja ambaye hatoki nyumbani.

Mikindani mtu huyo alikuwa mama yangu. Yeye ni mtu wa swala tano, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Nilipomletea mtoto wa mbwa aliniambia, "Mwanangu, mbwa wa kulinda si haramu. Ila kizingiti asivuke." Kwa hiyo kizimba cha ndani, au kijibwa kulala chumbani kwangu, havikuwa vya kujadiliwa. Namshukuru kwa mpaka ule, kwa sababu ulikuwa wazi kuliko kanuni yoyote niliyowahi kuisoma. Mbwa aliishi uani na barazani, banda lake la makuti na mbao likiwa limeegemea ukuta wa jiko, na hakuna siku aliyojisaidia ndani kwa kuwa ndani hakuwahi kuingia. Sahani yake ilikuwa na alama ya rangi na haikuoshwa na vyombo vya nyumbani.

Saa ya mama ilikuwa azana. Alfajiri anamtoa bandani hadi chini ya mnazi wa mwisho. Adhuhuri, alasiri, magharibi na isha hivyo hivyo. Ratiba hiyo ni nzuri kuanzia alasiri, vipindi ni vya saa 1 hadi 3. Lakini kati ya alfajiri na adhuhuri kuna saa 7 hivi, na mtoto wa miezi 2 hawezi. Tukaongeza mara 3 asubuhi: baada ya uji wake, mama akimaliza kufagia, na muuza samaki akipita. Usicheke hilo la muuza samaki. Nyumba ina saa zake ambazo hazisahauliki, na ratiba iliyofungwa kwenye jambo linalotokea kila siku hudumu kuliko iliyoandikwa ukutani.

Wiki 6 zilitosha. Mbwa yule alikuwa msafi kuliko wote niliowalea. Lakini siwezi kusema njia ndiyo iliyoshinda. Aliyeshinda ni mama, ambaye alikuwepo. Mwaka uliofuata alipokwenda Newala wiki 2 kwenye msiba, nikabaki mimi ninayetoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 10 jioni, mtoto mwingine tuliyekuwa naye alirudi nyuma mpaka sifuri.

Kamba

Hii ndiyo njia ya wengi, nami niliitumia kwa mbwa wangu wa pili. Nilimfunga kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, kamba ya hatua 3, maji pembeni. Nikaenda sokoni. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na siafu walikuwa wametoka. Mjomba wa jirani alisikia kilio kisicho cha kawaida, akaruka ua na kukata kamba kwa panga. Nilirudi nikamkuta amekaa chini na kijibwa magotini, anachomoa siafu mmoja mmoja: masikioni, kati ya vidole, kwenye kope. Vichwa vyao vilikuwa vinabaki vimeng'ata hata mwili ukishakatika. Alipona. Jicho moja lilibaki na kovu. Mjomba hakunigombeza, alisema tu, "Mnyama ukimfunga, umemnyang'anya miguu. Basi wewe ndiye miguu yake."

Maneno hayo yanahusu kizimba vilevile, na siyaachi. Siafu hawaulizi kama ni kamba au nondo. Msimu wa mvua kizimba cha Chui hakilali uani. Kinaingia ukumbini, karibu na mlango wangu, na miguu yake inasimama ndani ya makopo ya maji yenye sabuni ya unga. Yeyote anayeweka kizimba nje usiku mwezi wa 12 awe anajua hilo.

Tofauti ni kwamba kamba haifundishi kitu. Aliyefungwa hujisaidia ndani ya duara lake, hukanyaga, hulala karibu na kinyesi chake kwa kuwa hana pa kwenda. Nyayo zake zinazoea kujisaidia popote aliposimama. Ukimfungua ukamwingiza barazani, anafanya alichozoea. Tena shingo ya mtoto ni laini, kamba hujizungusha kwenye mti, na mbwa aliyekulia kwenye kamba mara nyingi huwa mkali kwa kila anayepita, watoto wa nyumba wakiwemo. Watu husema wanataka ukali huo. Mlinzi mzuri humjua wa kwao na mgeni; anayemrukia kila mtu atamng'ata wa kwao.

Kamba ya mkononi, ya kumpeleka kwenye kona yake na kurudi, ni kitu kingine na ninaipenda. Naikataa ile ya kumwacha.

Basi uchukue ipi

Ukiniuliza kwa nyumba yangu ya sasa, jibu ni mchanganyiko: kizimba usiku, kona ya mchanga mchana, na mtu wa kumtoa asubuhi. Kizimba peke yake hakimwonyeshi choo kiko wapi, kinamwonyesha tu pa kushika mkojo. Kona peke yake haimlindi usiku, wala hailindi magodoro yako. Vikikaa pamoja, kimoja kinamaliza kilichopungua kwa kingine.

Kama nyumba yako haitaki mbwa avuke kizingiti, usijilazimishe. Banda la uani lililo dogo la kutosha, lenye mlango wa kufunga usiku, linafanya kazi ya kizimba, mradi kuna mtu wa kulifungua saa 8 usiku wiki chache za mwanzo. Hilo la kuamka watu hulikwepa, kisha husema banda halifai.

Kama umepanga chumba na ua ni wa wote, zungumza na wapangaji kabla ya kumleta. Karai pana la mchanga pembeni ya mlango wako, linalobadilishwa kila siku mbili, ni bora kuliko magazeti na ni bora kuliko kumruhusu atumie uwanja wanaoufagia wenzako.

Kama una bibi au babu nyumbani ambaye yuko radhi, njia ya saa itakutosha na hutahitaji fundi. Muulize kwanza, kwa heshima, na usimkabidhi mzee mbwa kama mzigo. Mgongo unaoinama mara 8 kwa siku ni wa mtu mwingine.

Njia yoyote utakayochukua, ajali zitatokea. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mbebe hadi kwenye kona, amalizie pale, msifu. Ukikuta dimbwi limeshapoa, hakuna cha kumwambia. Hawezi kuunganisha hasira zako na jambo la nusu saa iliyopita. Kumsugua pua kwenye mkojo kunamfundisha kukuogopa na kujisaidia chini ya kitanda ambako hutamwona. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha pakauke na upepo. Dawa za kusafishia zenye amonia usitumie, kwa pua yake zinanuka kama mkojo na zitamrudisha palepale. Na dawa ya madoa yenye klorini usiimwage juu ya mkojo mbichi; hutoa hewa inayochoma kifua, chako na chake.

Limebaki kundi moja, nalo ndilo linalonipigia sana mwezi wa 10: mtu anayelala shambani kuanzia korosho zinapodondoka mpaka minada iishe, nyumba ya mjini ikiwa haina mtu mchana. Kwake hakuna njia hata moja kati ya hizi 4 itakayofaa, kwa sababu zote zinahitaji mikono ya mtu katika wiki 8 za mwanzo. Humwambia achukue mbwa mkubwa wa mwaka mmoja na zaidi, aliyekwishachanjwa, ambaye kibofu chake kinaweza kumsubiri na ambaye kwa vyovyote ndiye atakayebweka mwizi akija; mtoto wa miezi 2 halindi gunia. Kama moyo wake umekwama kwa mtoto fulani, amwombe mwenye mama wa mbwa amshikie mpaka mnada wa mwisho, ampelekee dagaa na unga kila wiki, na awe anafika kumchezea ili amzoee harufu.